Noeli ya watu tisa, vyumba viwili

Desemba imeingia. Shule zinafunga, mvua imeanza, maembe yanaiva, na watoto wako nyumbani kutoka asubuhi mpaka usiku. Mwenye watoto wadogo anajua maana yake. Ukiamka unakuta wako macho tayari, ukienda kulala bado wanaongea. Na swali liko moja tu, wanaliuliza kwa zamu: "Mama, Noeli tutavaa nini? Papa, Bonane tutakula nini?"

Wenye gazeti walituomba sisi, baba na mama wa nyumba moja hapa Dzaleka, tuandike namna tunavyopitisha sikukuu na watoto wadogo. Kwanza tulikataa. Sisi si walimu, na Noeli zetu nyingi hazina cha kuandika. Halafu tukakumbuka ile ya mwaka 2023. Ile tuliipitisha watu tisa katika vyumba viwili, na ilibaki kidogo ivunje ukoo. Basi tunaandika hiyo.

Mnakumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini, na familia nyingi zikarudi, wengine na mizigo, wengine na nguo za mwilini. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000. Sisi tulikuwa tumeshapita 50,000 hata kabla ya hao ndugu kufika. Nani angewapa nafasi? Nafasi ilikuwa mikeka yetu. Mdogo wake baba wa nyumba, ambaye watoto wetu wanamwita baba mdogo, alikuwa na kiduka mjini miaka mingi. Alifika kwetu na mke wake, kijana wa miaka 7 na binti wa miaka 3. Sisi tuko na watatu: binti mkubwa wakati ule alikuwa na miaka 9, kijana 6, na kitinda mimba mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya. Jumlisha mwenyewe, ni tisa.

Watu wazima na wale wadogo kabisa walilala chumba cha ndani, wengine sebuleni, na sebule yenyewe ilikuwa ndiyo jiko mvua ikinyesha. Miezi ya kwanza ilienda vizuri kwa sababu kila mtu alikuwa anajizuia. Mtu akizuia ulimi miezi sita, siku utakapofunguka unafunguka wote.

Ulifunguka Desemba.

Mwezi wa Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44. Sisi hatujui sana mambo ya benki, ila tuliyajua sokoni. Mafuta, sukari, sabuni, kila kitu kilipanda wiki ileile. Na tena ninyi mnajua kwamba hapa Malawi Desemba mpaka Machi ni miezi ya njaa hata kwa wenyeji. Mahindi ya zamani yanakwisha, mapya bado yako shambani, na ndoo ya mahindi inapanda kila ukienda. Mwenye akili ananunua mapema. Lakini mapema ndiyo hiyohiyo Desemba watoto wanapoulizia nguo.

Pesa ya chakula ilipotoka, nyumba zote mbili ziliweka zake pamoja mezani. Hapo usiku, watoto wakiwa wamelala, tulianza kupanga. Sisi tulisema tununue magunia mawili ya mahindi, pesa yote. Tulikuwa tumepiga hesabu: watu tisa, watano wao wadogo, ukipima sahani kwa sahani, gunia la kilo 50 linaenda kama wiki mbili na nusu. Magunia mawili yangetuvusha Noeli, Bonane, mpaka Januari.

Baba mdogo alisema hapana. Alisema watoto wake wamepoteza nyumba, wamepoteza shule, wamepoteza televisheni, na wakati kule mjini kila Noeli walivaa nguo mpya na viatu. "Mnataka wajue kwamba wameshuka mpaka chini?" akasema. "Acheni niwavike siku moja. Njaa tumeizoea, aibu hatujaizoea."

Hapo mmoja wetu, hatusemi nani, akajibu neno baya. Alisema watoto wetu hawajawahi kuvaa mpya, na bado ni watu. Baba mdogo akauliza kama ndiyo kusema watoto wake wana kiburi. Mama mdogo alikuwa kimya, anatazama chini tu. Kutoka hapo yakaja maneno ya zamani: nani alimtumia nani pesa mwaka gani, nani hakuja kwenye kilio cha mama mzazi. Unajua ugomvi wa ndugu, hauna mlango wa kutokea. Saa sita za usiku baba mdogo alisema kesho anatafuta pa kuhamia, hata kama ni chini ya mwembe.

Na kumbe watoto hawakulala. Ukuta wetu haufiki kwenye bati. Asubuhi tulipoamka, binti mkubwa alikuwa ameshachota maji, amewaosha uso wote wanne, amewaketisha kwenye mkeka kama darasani. Akatuambia, bila kututazama: "Sisi tumeongea. Hatutaki nguo. Msigombane tena." Yule kijana wa mjini alikuwa analia, maana yeye nguo alikuwa anaitaka, lakini naye alitikisa kichwa kukubali.

Ndugu wasomaji, tumekimbia vita Kivu ya Kusini, tumelala porini, lakini aibu ya asubuhi ile hatukuwahi kuijua. Mtoto wa miaka 9 anafanya kikao cha usuluhishi sababu wakubwa wameshindwa! Tunawaambia wazazi wenzetu, hasa mnaoishi wengi nyumba moja: msidhani watoto hawasikii. Wanasikia hata mnachonong'ona, na wanakibeba. Yule wa miaka 3 alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani wiki ile, na sisi tulikuwa tunamlaumu kwa kunywa maji mengi.

Basi tukakaa tena, mchana, watoto wakiwepo. Hilo lilikuwa jambo jipya kwetu. Kwetu mtoto haelezwi habari za pesa. Tuliweka noti kwenye mkeka, tukaweka na vikombe vya mahindi, tukawaonyesha: hiki ni leo, hiki ni kesho, hapa ndipo Noeli, hapa Bonane. Kijana wetu wa miaka 6 alihesabu vikombe mpaka vikaisha, akauliza, "Na baada ya hapa?" Hakuna aliyemjibu haraka. Baba mdogo alinyamaza, halafu akasema: "Nunueni mahindi."

Lakini swali la nguo lilibaki, na aliyelifungua ni mama mdogo, aliyekuwa kimya siku zote. Mama wa nyumba alikuwa na kitenge cha yadi 6, chekundu chenye maua ya njano, alichokifungia sandukuni tangu ndoa ya dada yake. Hakuwahi kukishona. Mama mdogo alikuwa amekiona siku wanapanga sanduku. Akasema, "Dada, yadi sita zinatosha watoto watano." Na pesa ya fundi? Mama mdogo anajua kusuka vizuri sana. Jirani yetu fundi wa cherehani ana mabinti wanne, na Noeli ilikuwa inakuja, wote wanataka kusukwa. Mabinti wanne wakasukwa, nguo tano zikashonwa. Hatukutoa hata kwacha moja, isipokuwa ya uzi.

Tunasema kweli, mama wa nyumba alilala vibaya usiku wa kabla ya kukata kile kitenge. Haikuwa rahisi kama tunavyoiandika hapa. Kitu kizuri kwa mwanamke mkimbizi ni kimoja au viwili, na unapokipeleka kwenye mkasi unajua hutakiona tena. Lakini tangu siku ile mama mdogo hakuwa mgeni. Alianza kushika mwiko bila kuuliza.

Kulikuwa na shida moja. Kijana wa mjini alipoona shati lake akakataa: "Maua ni ya wasichana." Akalia mpaka sauti ikakauka. Tulimwambia, tulimbembeleza, tulimtishia, wapi! Mwisho baba mdogo alienda kwa fundi mwenyewe, akaokota vipande vilivyobaki, akashonewa kofia. Alirudi nayo kichwani, akapita nayo njia yote ya soko. Kijana alimtazama, akacheka, akavaa shati.

Siku za kungojea sikukuu ndizo ndefu kwa watoto, tena ndizo mzazi anaweza kuharibu mambo kwa kuwafokea. Watano nyumba moja, mvua nje, ni kelele tupu. Tulichojifunza ni kuwapa kazi za kweli. Siyo "kaeni kimya." Wale wavulana wawili tuliwapa kuku: kuwafungia, kuwahesabu, kuwatafutia mchwa. Tulikuwa na kuku watatu, na jogoo ndiye aliyekuwa wa Noeli. Binti mkubwa alifundisha nyimbo, za Kiswahili na za Kichewa alizotoka nazo shule, maana watoto wetu Kichewa wanatushinda. Mpira walifunga wa plastiki na kamba. Na siku mvua kubwa ya kwanza ilipokatika, jioni kumbikumbi wakatoka, wale Wamalawi wanaowaita ngumbi. Watoto waliwakimbilia kwenye taa ya jirani na beseni la maji. Tuliwakaanga na chumvi kidogo. Wale wa mjini walianza kwa kukunja pua, baada ya dakika tano walikuwa wanagombania sufuria. Hakuna aliyekumbuka televisheni jioni ile.

Noeli yenyewe tulienda kusali wote, watoto watano katika kitenge kimoja. Watu walituuliza ni kwaya ya wapi. Na ile sare ilitusaidia, sababu katika msongamano wa kutoka, binti wa miaka 3 alipotea. Mnajua wingi wa watu siku ile. Mama mdogo alipiga kelele, sisi tukakimbia kila upande. Haikupita nusu saa, kijana mmoja wa Kirundi akaja naye mkononi: "Nimeona nguo inafanana na ya wale." Kwa hiyo wazazi, kama hamna sare, basi mfundisheni mtoto kusema jina la baba, jina la mama na mtaa wenu kabla ya siku ile. Wa miaka 3 anaweza, ukimwimbisha kila siku kama wimbo. Wetu hakuweza, sababu hatukumfundisha.

Chakula kilikuwa wali, jogoo mmoja, sombe na maharage. Jogoo mmoja kwa watu tisa ni hesabu ngumu kuliko ya mahindi. Mama wa nyumba alimkata vipande vidogovidogo, akamchemsha na mchuzi mwingi, kila mtoto akapata nyama na wakubwa tukapata mchuzi. Firigisi, ambayo kwa desturi ni ya baba, iligawanywa kwa vijana wawili waliochunga kuku. Baba mdogo aliomba baraka ndefu sana, mpaka wali ukaanza kupoa, na watoto wakaitikia amina mara tatu kabla hajamaliza.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Wali na mchuzi ulibaki kidogo, tukafunika sufuria, tukasema kesho. Hakuna friji hapa, na Desemba usiku ni joto. Asubuhi ya tarehe 26 sisi wakubwa tulichelewa kuamka kwa uchovu. Watoto waliamka kabla yetu, wakajipakulia baridi vilevile, na maembe juu yake, mikono haijanawa. Mchana binti wa miaka 3 akaanza kutapika na kuharisha maji.

Tuliogopa sana. Kipindupindu kilichoanza mwaka 2022 kilikuwa kimeua zaidi ya watu 1,700 nchini Malawi mpaka mwaka 2023, na hofu yake ilikuwa bado iko ndani yetu. Jambo jema, mama mdogo alikumbuka mafundisho ya kliniki: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Alimpa kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika anangoja dakika kumi, anaanza tena. Baba mdogo alimbeba mgongoni tukaelekea kituo cha afya, mama akifuata na kikombe, akimnywesha njiani. Kule walimpa dawa ya maji ya chumvi ya pakiti, ile ORS, na vidonge vya zinki. Wakasisitiza zinki imezwe siku zote walizoandika, siku 10 mpaka 14, hata kama kuharisha kumekwisha. Siku ya tatu alikuwa anaomba embe.

Kwa hiyo tunawaomba: chakula cha sikukuu kiishe siku ileile. Kama kinabaki, peleka sahani kwa jirani jioni hiyohiyo. Ndiyo desturi yetu tangu nyumbani, na sisi tuliiacha siku ile kwa kubania, tukalipa. Maembe yaoshwe kwa maji safi. Na mtoto anayeharisha asinyimwe maji wala ziwa la mama, kuna wazee bado wanasema eti kumpa maji kunaongeza. Si kweli, kukauka maji ndiko kunaua. Ukiona macho yameingia ndani, mtoto amelegea, hanywi, au kuna damu, usingoje kesho.

Jambo jingine tutalisema haraka. Usiku wa mvua usiingize mbabula yenye makaa ndani ukafunga mlango watu walale, hata kama watoto wanasikia baridi. Ile hewa ya makaa haina harufu, inaua waliolala. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo, mpaka jirani alituambia.

Bonane haikuwa na kuku. Ilikuwa mandazi, chai ya rangi, na bugali na sombe jioni. Mandazi tulikanda na watoto wote, unga ukafika mpaka kwenye nywele zilizosukwa. Tuliwapeleka kwa majirani sita, kila mtoto na sahani yake. Walirudi na vitu vya ajabu: mahindi mabichi ya kwanza, kipande cha keki, chumvi kwenye karatasi, na kutoka kwa mama mmoja mzee, sarafu moja kila mtoto. Waliificha mpaka ikapotea.

Januari ilikuwa ngumu. Mahindi yaliisha siku mbili kabla ya hesabu yetu, sababu ya wageni, na mgeni hahesabiwi. Baba mdogo na baba wa nyumba walienda kupalilia mashamba ya wenyeji, ile kazi ya ganyu, wakilipwa mara pesa, mara ndoo ya mahindi. Walienda pamoja asubuhi na kurudi pamoja. Yale maneno ya usiku ule hawakuyarudia, lakini hawakuyaombea msamaha kwa mdomo pia. Wanaume ndivyo walivyo, asema mama wa nyumba. Baba wa nyumba anasema waliombana msamaha kwa jembe.

Mwaka 2024 baba mdogo alijenga chumba chake kwa tofali za udongo, hatua chache kutoka kwetu, wakahama. Nyumba ilipata nafasi. Watoto walikataa kulala wiki nzima, walisema kuko kimya sana.

Kitenge chekundu bado kinatembea. Shati la kijana wa mjini lilienda kwa kijana wetu, gauni la binti mkubwa lilipunguzwa upindo likaenda kwa mdogo wake. Juzi tulipofungua sanduku watoto waliliona, na tulijitayarisha kwa lile swali la kila mwaka. Wakauliza lingine: je, Noeli hii wale wa baba mdogo watakuja kulala kwetu, wote, kama ile? Tumesema ndiyo. Mkeka mmoja umepasuka katikati, tunatafuta wa kuazima.